Taa za dagaa na muvi mbili za kusahau

Jumapili, usiku. Kirumba, Mwanza.

Watoto wamelala. Bibi naye amelala, ingawa huwa anaamka usiku wa manane akatafuta mlango, ndiyo maana siku hizi tunaufunga na ufunguo nalala nao. Nimekaa kibarazani, huku juu kwenye mawe, ziwa liko chini yangu. Hakuna mwezi leo, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wametoka wengi. Taa zao zimetapakaa majini utadhani kuna mtaa mwingine kule mbele.

Nina muvi mbili kichwani na hazitaki kutoka.

Ya kwanza ni katuni. Ijumaa watoto waliniomba, nikawawekea Coco, ile ya Pixar ya mwaka 2017. Miguel ana miaka 12, yuko Meksiko, ukoo wao ni washona viatu na muziki umepigwa marufuku nyumbani. Anajikuta katika nchi ya wafu. Huko marehemu anaendelea kuwapo maadamu kuna mtu hai anayemkumbuka. Wa mwisho akimsahau, anatoweka moja kwa moja. Héctor anakaribia kutoweka kwa sababu amebakiwa na mtu mmoja tu duniani, binti yake Coco, ambaye sasa ni kikongwe wa kwenye kiti na kumbukumbu zinamponyoka. Mwishoni Miguel, kitukuu chake, anapiga magoti na gitaa anamwimbia wimbo wa baba yake. Uso wa yule mama unafunguka. Anaimba naye.

Tulilia wote. Bibi alikuwa amekaa nasi kwenye kochi, kanga imemfunika miguu. Mwanangu wa miaka saba akanigeukia: "Baba, na sisi tumwimbie bibi."

Tukamwimbia. Tulichagua wimbo wa kwaya aliokuwa akiuimba zamani akimenya mihogo, mimi nikiwa mdogo namwokotea maganda. Alitusikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama mtu anavyowasikiliza wageni. Kisha akauliza, "Ninyi ni wa nani?"

Mwanangu hakusema kitu. Alikwenda kulala bila kula.

Hapo ndipo ninapogombana na ile katuni. Imempa mtoto ahadi ambayo ugonjwa huu hauitimizi. Wimbo unakuja, mlango unafunguka, tena dakika ileile unapohitajika. Mimi nililelewa na bibi huyu. Miaka yote alikuwa ananiita "mume wangu", utani wa bibi na mjukuu, na mke wangu akimwita mke mwenza. Neno hilo sijalisikia tangu mwaka jana. Ningekuwa na wimbo wa kulirudisha, ningeuimba hadi sauti ikauke.

Ya pili niliiangalia jana usiku peke yangu, hedifoni masikioni. The Father, ya mwaka 2020, ya Florian Zeller, aliyeitoa kwenye tamthilia yake mwenyewe. Anthony Hopkins ndiye mzee, naye alipata Oscar kwa kazi hiyo akiwa na miaka 83. Hakuna nchi ya wafu humo. Ni nyumba tu, London, mzee na binti yake Anne. Lakini samani zinabadilika bila wewe kujua lini. Binti anatoka, anarudi akiwa na sura ya mwigizaji mwingine. Nilirudisha nyuma mara mbili nikidhani nimesinzia. Halafu nikaelewa kwamba aliyepotea ni mimi mtazamaji, nimewekwa ndani ya kichwa cha mzee na ninaona anavyoona.

Kuna habari ya saa yake ya mkononi. Anaificha mwenyewe bafuni, anasahau, anamshutumu mhudumu kuwa ameiiba. Nilisimamisha muvi. Bibi anafunga pesa zake kwenye pindo la kanga, anaficha kanga chini ya godoro, kisha anamwita dada wa kazi mwizi. Mara ngapi nimemkaripia! Mara ngapi nimeitoa ile kanga nikampungia usoni, "Si hii hapa, bibi?" kana kwamba nimeshinda kesi. Sikuwahi kujiuliza yeye anaona nini pale. Anamwona mtu mzima asiyemjua ameshika mali yake.

Nimekuwa nikizipima hizi mbili siku nzima, nikiwa bado naionea katuni hasira, mpaka likanijia jambo moja. Mama Coco, kwenye kile kiti, anamwita baba yake. Anthony, mwisho kabisa, analia kama mtoto anamtaka mama yake, na muuguzi anambembeleza. Yeyote aliyezitunga hizi hadithi amewahi kukaa karibu na mzee.

Maana bibi naye anamwita baba yake. Amezaliwa Ukerewe, baba yake alikuwa mvuvi. Kila jioni taa zikianza kuwaka ziwani anauliza, "Baba hajarudi?" Nami kwa miaka miwili nimekuwa nikimjibu ukweli: bibi, baba yako alishafariki, zamani sana. Kila nilipomjibu hivyo alifiwa upya. Alijifunika kanga akalia, na kesho yake akauliza tena.

Leo aliuliza. Nikasogeza kigoda karibu.

"Bado, bibi. Upepo umemchelewesha."

Akatikisa kichwa. Upepo anaujua.

"Analeta ningu?"

Ningu. Samaki wa utotoni mwake, kabla sangara hajajaa ziwani. Pale soko la samaki la Mwaloni siku hizi utamtafuta uchoke.

"Analeta, bibi."

"Basi msifunge mlango."

Tukakaa pale tukiangalia taa, mwanangu akaja akajibanza katikati yetu, akaanza kuzihesabu kwa sauti. Bibi akamfuata, moja, mbili, tatu, hadi ishirini na kitu, kisha akasinzia.

Sijaufunga. Nimeurudishia tu, na mimi nimekaa hapa kando yake.