Ukurasa haupo, lakini seva inasema upo

Tovuti nyingi za biashara zina ukurasa mzuri wa "Samahani, hakipatikani", ila seva nyuma yake inajibu 200, yaani mambo shwari. Mteja anaona kosa, Google inaambiwa hakuna kosa. Usiamini macho. Buni anwani isiyokuwepo, kisha uangalie kwenye terminali:

curl -I https://example.com/hakunakitu

Mstari wa kwanza uwe na 404, yaani ukurasa haupo. Ukiona 302 (uhamisho wa muda) na seva inatumia programu ya Apache, fungua .htaccess, faili yake ya mipangilio. "ErrorDocument 404 /404.html" ni sawa, lakini ukiweka anwani nzima yenye https://, Apache inamhamishia mgeni huko na ile 404 inapotea njiani. Humo ndani ya 404.html, njia za picha na CSS (faili za mwonekano) zianze na mkwaju (/picha/nembo.png), la sivyo kosa likitokea ndani ya folda, ukurasa unatoka uchi, bila nembo wala rangi.

Sasa viungo vyenyewe. Chuja 404 kwenye logi za seva (kumbukumbu za maombi ya wageni), utazame mgeni katoka wapi. Akitoka kwenye ukurasa wako mwenyewe, rekebisha kiungo hicho. Kukifunika kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu, ni uvivu. Mara nyingi ni herufi tu: kwenye Linux, Bei.pdf na bei.pdf ni faili mbili. Akitoka tovuti ya watu, hapo ndipo 301 inafaa, kwenda ukurasa unaolingana, na uiache angalau mwaka mzima. Roboti zinazosaka wp-login.php (ukurasa wa kuingilia WordPress) wakati hutumii WordPress, achana nazo.

Mtego mmoja: Redirect ya Apache hulinganisha mwanzo wa njia. Ukiandika

Redirect 301 /viatu /viatu/ngozi

umetengeneza kitanzi: /viatu/ngozi nayo inaanza na /viatu, basi inapelekwa /viatu/ngozi/ngozi, na kuendelea hadi kivinjari kichoke. Tumia

RedirectMatch 301 ^/viatu/?$ /viatu/ngozi

Bidhaa iliyoondolewa moja kwa moja na haina mbadala, ipe 410 (imeondolewa kabisa) au iache na 404 yake. Kurusha kila kitu ukurasa wa mwanzo hakusaidii: Google huweza kuzihesabu hizo kama 404 tu, na aliyefuata kiatu hajui kwa nini anakaribishwa upya mlangoni. Iliyoisha kwa muda usiifute kabisa. Andika "itarudi" na ukurasa ubaki palepale.