Watangazaji wapya wa Top Gear na ule ubishi wa gereji

Jumamosi nilipeleka gari kwa fundi upande wa Shabab hapa Nakuru, bushi za mbele zilikuwa zimeisha na kila nikipanda bampu inagonga ko ko ko kama mtu anabisha mlango, fundi akaniambia nimpe masaa mawili, nikaingia hoteli ya jirani kunywa chai. Hiyo hoteli ndiyo mafundi wote hukula, madereva na makanga wa matatu pia, na mwenyewe ni mzee anapenda magari sana, tivi yake iko pale juu ya kabati ya mandazi tangu nimjue. Siku hiyo alikuwa ameweka Top Gear za zamani, ile programu ya magari ya Uingereza, kijana wake alimletea kwa flashi, na hata sijamaliza kikombe ubishi ukaanza, ule ule wa 2016, ati ni nani aliharibu hii programu.

Niseme ukweli huu ubishi uko kwa roho yangu. Hii ni programu ya BBC ilianza 1977, ikasimamishwa 2001, ikarudi 2002 na sura mpya, na sisi wengi huku tuliijua kwa wale watatu, Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May. Mzee wa hoteli hawezi kusahau ile Hilux ya 2003. Gari kuukuu ya dizeli, wakaiacha ufuoni maji ya bahari yakaifunika, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jengo refu jengo likabomolewa nayo, halafu fundi anakuja na spana zake za kawaida bila spea yoyote na inawaka. Watu wa hapa walipiga meza siku hiyo, juu Hilux tunaijua, ndio hubeba viazi kutoka Molo na Mau Narok na hakuna mtu huiuliza umri. Na 2013 wakaja pande zetu kabisa kutafuta chanzo cha Nile na magari ya mitumba, Hammond na Subaru Impreza, May na Volvo, Clarkson na BMW, wakaanzia Uganda wakaishia Tanzania. Binamu yangu wa Kisumu alikasirika sana, ati ziwa liko hapa Dunga na hao watu wamelizunguka kwa upande ule mwingine.

Basi Machi 2015 Clarkson akampiga prodyusa, BBC ikakataa kumwongezea mkataba, wenzake wawili wakaondoka naye. Kumpiga mtu mko kazi moja ni makosa, na sijawahi kumtetea kwa hilo hata siku moja. Lakini tulibaki na pengo.

Tarehe 29 Mei 2016 ndiyo ikarudi na watu wapya. Chris Evans mbele, Matt LeBlanc yule mwigizaji wa Marekani kando yake, halafu Chris Harris, Rory Reid, Eddie Jordan aliyekuwa na timu yake ya Formula 1, na Sabine Schmitz wa Ujerumani. Kule Uingereza watu kama milioni 4.4 waliangalia siku ya kwanza, na kufika ya mwisho ya msimu huo wamebaki milioni 1.9 hivi. Evans akajiuzulu Julai hiyo hiyo.

Hapa hotelini hukumu ilitolewa siku ya kwanza kabla hata programu iishe. Fundi mmoja wa injini, mtu wa maneno machache sana, alisema kitu mpaka leo watu wanakirudia. Alisema huyu Evans anapiga kelele kama manamba, na manamba hupiga kelele gari ikiwa tupu, ikijaa ananyamaza mwenyewe. Na ni kweli bana. Evans ni mtu wa redio, na redioni lazima sauti ijaze kila mahali, lakini mbele yako kuna gari inanguruma na jamaa anaifunika na sauti yake mwenyewe, sisi tulitaka kusikia gari.

Lakini hapo ndipo mimi na wengi tunaachana njia. Wengi wanasema shida ilikuwa watu wapya, kwamba bila wale watatu hakuna programu, wangezima tu. Mimi nasema hapana, shida ni kwamba walitaka watu wapya wakuwe wazee kwa siku moja. Nilikuwa napanda matatu moja ya Eldoret kila Ijumaa miaka kadhaa, dereva na makanga walikuwa wamefanya kazi pamoja mpaka hawaongei, makanga akigonga bodi mara moja dereva anajua ni mtu anashuka, akigonga mbili anajua twende, akigonga kwa kiganja chote anajua kuna polisi mbele. Makanga akahama. Yule mpya alikuwa kijana mzuri, mkarimu kwa abiria, lakini miezi ya kwanza alikuwa anagonga dereva anasimama penye hatakikani, na abiria tukaanza kulalamika ati huyu hajui kazi. Kufika Desemba walikuwa wameshikana, hata hatukumbuki tulikuwa tunalia nini.

Na kitu watu husahau, hata wale watatu hawakuanza watatu! Iliporudi 2002 pale pa James May palikuwa na mtu anaitwa Jason Dawe, mtu wa magari ya mitumba, akakaa msimu mmoja tu, May akaingia 2003. Kwa hivyo hata ule urafiki tunaoulilia ulijengwa. Walipewa miaka. Hawa wapya walipewa wiki sita na kila mtu amekunja mikono.

Mwenye aliniuma sana ni Rory Reid. Hakuwa mtu maarufu, BBC ilisema mtu yeyote atume video ya sekunde 30, akatuma, akapata kazi. Hebu fikiria, maelfu ya watu wametuma na wewe wa kawaida unachukuliwa. Anajua magari, anaeleza vizuri, hana kiburi. Chris Harris naye huyo ni dereva kamili, na hiyo Jumamosi nimeiona tena kwa macho yangu. Ilipofika sehemu yake mzee akaongeza sauti, na mafundi wakaacha kutafuna. Kijana mmoja alikuwa na kipande cha chapati katikati ya sahani na mdomo, mkono una grisi mpaka kwa kiwiko, akasimamisha hapo hapo anasikiliza injini ikipanda, akasema "tatu", Harris akabadilisha gia, akasema "nne". Hakukosea hata moja. Hakuna mtu aliongea mpaka gari ikasimama. Sasa uniambie programu ilikufa?

LeBlanc nilikuwa na wasiwasi naye ati ni mwigizaji, lakini hata kabla apewe kazi alishakuja kama mgeni 2012 akaendesha ile Kia Cee'd ambayo wageni walipimwa mbio nayo, akawa na kasi kupita wageni wote walioiendesha, na baada ya Evans kutoka, yeye, Harris na Reid wakatulia na ikawa programu ya kuangaliwa. Makanga wote pale hotelini wanampenda. 2019 wakaja Paddy McGuinness na Freddie Flintoff na Harris akabaki, na hao nao wakachanuka, mpaka Flintoff akapata ile ajali mbaya wakirekodi programu Desemba 2022, akaumia uso, na Novemba 2023 BBC ikasema programu inapumzishwa. Hapo sina ubishi, uso wa mtu na maisha yake ni kubwa kuliko tivi.

Fundi akaja kuniita gari iko tayari. Nilikuwa nimesimama na funguo mkononi mzee akasema ngoja kidogo, akaweka ile ya zamani ambayo Sabine Schmitz anaendesha Ford Transit pale Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kabla hajawa mtangazaji. Gari ya mizigo! Kilomita karibu 21 za kona, magari ya michezo yako mbele yake na anayafukuza, anataka kumaliza chini ya dakika kumi, anamaliza kwa dakika 10 na sekunde 8. Huyo mama alishinda mbio za saa 24 hapo hapo 1996 na 1997, na walipomwajiri 2016 wakampa dakika chache tu za kuonekana, hiyo ndiyo lawama yangu kubwa kwao kuliko kelele zote za Evans. Alifariki Machi 2021.

Dereva mmoja wa matatu ya Naivasha alikuwa mlangoni, abiria wanamngoja steji, makanga anampigia simu hashiki. Sabine alipovuka laini akamwambia mzee, rudisha pale kwa ile kona ya kushoto, nataka kuona mikono yake tena. Mzee akarudisha. Mimi pia nikakaa chini.