Mazoezi yalinishinda, oda ya vitenge ndo ikanipandisha mlima

Mi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, na kama kuna kazi ya kumkalisha mtu kitako kuanzia asubuhi mpaka taa zinawashwa basi ni hii yetu. Umekaa, umeinama, mguu unakanyaga cherehani, ukiinuka ni kupiga pasi au kumpima mteja alafu unarudi kwenye kiti. Jioni kiuno kinawaka na vifundo vya miguu vimevimba. Na nyumbani kwangu ni nyuma tu ya ofisi (sie mafundi kibanda tunakiita ofisi, msicheke), kwahiyo hata ile ya kutembea kwenda kazini sina. Muda wote huo milima ya Uluguru imesimama hapo juu, ukitoa kichwa nje unaiona, nimezaliwa naiona, na kazi yake kwangu ilikuwa moja, kuangalia kama wingu limekaa vibaya nianue nguo.

Sio kwamba sikutaka mazoezi. Nilitaka sana, hasa Jumapili usiku. Niliingia klabu ya jogingi ya mtaani, wanakutana alfajiri wanazunguka mji huku wanaimba, raha kwakweli, nikaenda mpaka tisheti ya klabu ilipoanza kupauka nikapotea. Jimu nililipia mwezi mzima nikaenda siku za kuhesabu. Nikaweka programu ya kuhesabu hatua kwenye simu, ikawa kila jioni inanitangazia aibu niliyokuwa naijua tayari. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ukigawanya ni dakika ishirini na kitu kwa siku, na hicho ndo kilikuwa kinaniuma, kitu kidogo hivyo kinanishinda vipi. Zile video za kuhamasisha ndo usiseme, nilikuwa naziangalia nimelala.

Nilichokuja kugundua ni kwamba vyote hivyo vilikuwa vinangoja mimi nijisikie. Nikiamka sijisikii imeisha hiyo, hakuna anayedai. Lakini mteja akishasema nguo ni ya Jumamosi na kaacha hela nusu, hata niwe na homa Jumamosi itamkuta nguo ipo kwenye henga. Kwenye kazi uvivu sina kabisa, wote ulikuwa umehamia kwenye mazoezi.

Kuna mama mmoja anakaa huko juu njia ya Morningside, alikuwa anapita ofisini kwangu akishuka na tenga la kabichi kwenda sokoni. Siku hiyo akaja na stori ya shughuli ya mwali, mjukuu wake anatolewa, wanawake wa ukoo wanataka sare ya vitenge. Nikamwambia mama waje tu niwapime. Akacheka. "Wengine wazee hao fundi, hawashuki ovyo. We njoo utupime huko huko, utakula na magimbi." Nikamuuliza kama boda inafika. "Inafika, ila mvua imenyesha, dereva atakushusha njiani utembee vilevile. Bora hela yako ukae nayo."

Oda ilikuwa kubwa bana, sio ya kuachia fundi mwingine.

Basi nikapanda. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi nikapitia juu ya Boma, tepu shingoni, daftari kwenye mfuko, nikidhani nimewahi sana. Kumbe nimechelewa, wenzangu ndo wanashuka. Wanawake kwa mstari, kila mmoja na ngata kichwani na juu yake tenga limejaa karoti, njegere au ndizi, wanashuka kwa mwendo ambao ni katikati ya kutembea na kukimbia, wengine yeboyebo wamezishika mkononi maana kwenye tope mguu mtupu unang'ata vizuri zaidi. Ukikutana nao kwenye kinjia hawasimami, mzigo ukisimama nao unazidi uzito, we ndo unajibanza upande wa juu wanapita huku wanakusalimia bila kugeuza shingo. Nilijibanza sana asubuhi ile, nusu kuwapisha na nusu kutafuta pumzi.

Nilipofika nikamkuta bibi mwingine wa yule mwali amekaa mlangoni anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mjukuu wangu, alafu akaniangalia. "Mbona unapumua kama umekimbizwa na nguruwe? Kaa kwanza." Nikakaa, na sikuinuka mapema.

Kwenye kupima ndo niliona kitu ambacho labda fundi tu ndo angekiona. Wateja wangu wa mjini huwa nawaachia akiba ya inchi mbili ubavuni kila upande, maana najua ndani ya mwaka gauni litarudi kufunguliwa, hata hawaniambii, ni utaratibu. Huko juu nikataja akiba, bibi akauliza akiba ya nini. Nikamweleza. Wakacheka wote mpaka mwali akachungulia dirishani. Na yule bibi ana miaka sabini na kitu, nilipompima kutoka bega mpaka kiuno kwa nyuma mgongo umenyooka, tepu imelala bila kupinda. Wa kwangu sijawahi kuupima ila najua haulali hivyo.

Nikashuka na sado moja ya njegere na fyulisi nilizopewa bure. Hapo ndo mambo yalipogeukia, sio kwenye mandhari wala hewa safi. Jirani yangu wa saluni akaona njegere akaonja akauliza bei, nikamtajia, akasema kesho kutwa niletee. Nikamwambia sipandi tena mi. Akanitumia hela kwenye simu hapohapo. Sasa hela ya mtu ikishaingia nafanyaje? Tena nguo za shughuli zilitakiwa zipelekwe kujaribishwa. Nikapanda tena, alafu mama wa nyumba ya pili naye akataka, mwalimu mmoja akataka karoti, mwingine stroberi, ikawa Jumamosi asubuhi ni siku ya mlima, naagiza kwa yule mama kwa simu Alhamisi nalipwa Ijumaa. Faida yenyewe ni ya maji na chapati tu, msije mkaniomba mtaji. Ila Ijumaa usiku silali nikijiuliza kama kesho nitajisikia, kuna watu wanane wanataka njegere na wameshalipa.

Ushauri niliokuwa nauona kila mahali ni kwamba upende kwanza, utafute sababu yako ya ndani. Labda kwa wengine inafanya kazi. Mi kupenda kumekuja nyuma kabisa, nishazoea. Kwanza nilikuwa nadaiwa.

Sasa watu. Ukianza kutembea mji huu jiandae kujibu maswali. Jumamosi za mwanzo kila ninayekutana naye ananiuliza kulikoni, nani kafa. Nilipoanza kupungua nikaulizwa kama naumwa, mama yangu mzazi akapiga simu kutoka Kilosa, "mwanangu nasikia umekonda, mwenzio anakusumbua?" Kuna mteja akaamini kabisa nafuata mganga huko milimani, akanivuta pembeni akaniomba na jina lake nilipeleke. Nilimwambia linalopatikana ni kabichi, hakuridhika. Ukitaka kuacha kwa sababu ya maneno utaacha wiki ya kwanza, mi niliamua nawajibu wote "naenda kazini", na si uongo.

Mwili ulilalamika ila sio pale nilipotarajia. Kupanda ni pumzi tu, pumzi inakuja yenyewe baada ya muda. Kushuka ndo mwalimu, mapaja yalinikaza nikawa nashuka ngazi za benki kinyumenyume. Yule mama ndo alinielekeza: hatua fupi, goti lisinyooke moja kwa moja, mahali pakali ushuke kwa kukata pembeni sio kunyooka chini, na fimbo iwe upande wa bondeni. Ukipumzika usikae sana miguu ikapoa. Viatu sio lazima vya bei, raba za mtumba zenye meno zinatosha kabisa, ila ziwe zimezidi kidogo mbele maana ukishuka vidole vinasukumwa na kucha zitaondoka. Suruali nimejishonea mwenyewe ya kaki, mifuko mikubwa, nikipita kwenye nyumba za watu najifunga khanga juu yake, hakuna anayenilazimisha ila nakaribishwa vizuri zaidi. Na siendi peke yangu, dada wa saluni ndo mwenzangu, yeye alianza kwa kuchoka kusubiria njegere zake.

Masika ndo mtihani. Kuanzia Machi mpaka Mei udongo wa kule unateleza vibaya na ukungu unashuka mpaka kwenye mashamba, kuna Jumamosi mama mwenyewe anapiga simu, "usije fundi, tope." Hapo siendi, mlima una wenyewe na wakikwambia usipande usipande. Wiki kama hizo nazunguka chini kwenye lami, au naenda soko kuu kununua uzi na zipu kwa miguu badala ya kumtuma kijana wa boda. Sio sawa na mlima lakini miguu haisahau.

Kiangazi kilichopita tulienda mpaka kileleni Bondwa, huko ni zaidi ya mita 2,100 wakati mji wetu uko kwenye mita 500 hivi. Hapo sio pa kujiendea tu, ukivuka mashamba unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, imekuwa hifadhi ya hadhi hiyo tangu 2008, unachukua kibali na unakuwa na mwongozaji. Msitu ukianza ni ghafla, upande huu shamba la karoti, hatua chache umeingia gizani, baridi, miti imevaa ukungu na kima wanakukemea juu. Kuna ndege wa kule hawapatikani popote pengine duniani, mwongozaji alituonyesha mmoja mi nikaona jani linatikisika tu. Kileleni kuna minara ya mawasiliano, wingu likifunguka unaona mji wote umelala chini na mi nilikuwa natafuta bati la ofisi yangu. Mwongozaji akasema vijito vya milima hii ndo vinaukusanya mto Ruvu, ambao ndo unawanywesha watu wa Dar. Kwahiyo ndugu zangu wa Dar mnaotuita wa mkoani muwe na adabu kidogo.

Mzee mmoja tuliyempita akilima alitusimulia pia vile mwaka 1955 watu wa huku walivyowagomea wakoloni waliotaka kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi mlima mzima. Alikuwa mtoto. Alikuwa anasimulia na jembe anaendelea kulishusha, hakusimama hata mara moja, nikajisemea hata huyu akiba ya ubavuni hahitaji.

Watu wengi sasaivi wananiuliza kama wanaweza kuja. Karibuni. Saa kumi na mbili kasoro robo nje ya ofisi, muwe mmekula kitu, maji lita moja na nusu kila mtu, oda ya njegere mlipe Ijumaa kama mtu mwingine yeyote, kupanda mwenyewe hakukupi punguzo. Anayechelewa atatukuta tunashuka. Na yule kijana aliyekuja na spika mara ya mwisho, muziki unapiga mpaka kwa wagonjwa wa watu, wewe spika iache kwenu, au baki nayo hapo hapo Boma mtusubiri wote wawili.