Chini ya mkuyu wa Rubondo

Tulitoka Mwanza alfajiri kwa basi la Geita. Pale Kigongo, ambapo zamani tulikuwa tukisubiri kivuko mpaka chai inapoa, siku hizi unapita juu ya daraja la kilometa 3 lililofunguliwa Juni 2025. Sikuwahi hata kumaliza karanga zangu. Geita hadi Nkome nililala. Kutoka hapo, boti ikatuvusha hadi Kisiwa cha Rubondo, katika Ziwa Victoria.

Wengi huja hapa kwa ajili ya sokwe, wajukuu wa wale walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960 wakaachiwa msituni. Mimi niliwasikia tu, wakipiga kelele mbali. Kilichonisimamisha ni mkuyu mmoja, shina lake pana kuliko chumba nilichopanga nikiwa chuo.

Mzee aliyetuongoza akaniambia, “Haya, nitafutie mtoto wake hapo chini.”

Nikainama. Miche ilikuwa tele: mingine ya majani mapana, mingine ya miiba, mingine ikitambaa. Mche wa mkuyu sikuuona. Nilichopata ni siafu, walioingia kwenye suruali bila hodi.

“Hao ni watoto wa wenzake,” mzee alisema akicheka, na sijui kama alicheka miche au mimi.

Mkuyu huzaa hata miti mingine ikiwa mitupu, kwa hiyo ndege na tumbili hawauachi. Hufika wakiwa wamekula kwingine, wanatua, wanajisaidia, na mbegu za msitu mzima zinaanguka kivulini. Mbegu za mkuyu wenyewe ni ndogo kama chembe za mchanga, na mche wake unataka mwanga, ambao mama ameuziba wote.

Kuna sababu nyingine, inayogusa miti mingi ya misitu ya tropiki. Mwaka 1970 mwanaikolojia Daniel Janzen, na mwaka uliofuata mwenzake Joseph Connell, walieleza kwamba wadudu na magonjwa yanayoushambulia mti fulani hujaa karibu nao. Mche unaoota miguuni mwa mama unawakuta maadui wanamsubiri. Mche wa ukoo mwingine, maadui hao hawana habari nao. Wazo hilo limepimwa sana katika Kisiwa cha Barro Colorado, Panama, nacho kimezungukwa na ziwa kama Rubondo, ila ziwa lile lilitokana na bwawa la Mfereji wa Panama. Katika hekta 50 za huko, kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimeta 1 huhesabiwa na kupimwa.

Nilimuuliza mzee, jitu kama hili likianguka inakuwaje? Alinyoosha fimbo kwenye uwazi mbele yetu, jua limemwagika, miche imebanana hadi kiunoni. “Hapo sasa,” alisema, “ndipo mkuyu anapoweza kuanza.”

Nikapiga picha. Siafu wa mwisho nilimtoa tukiwa ndani ya boti.