Bibi na Daftari Jeupe

Asubuhi moja ya Machi 2017, bibi mmoja alisimama mlangoni pa darasa langu la awali, hapa Bagamoyo, daftari la mjukuu wake mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Haya, nioneshe huyu mtoto kasoma nini tangu Januari."

Akalifungua. Jeupe, ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa ngalawa moja aliyoichora mtoto mwenyewe.

Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulikuwa bado mgeni kwetu. Ulitutaka tufundishe kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitendo, kila kipindi dakika 20. Katika azimio langu la kazi, yaani mpango wa masomo, la miezi ile nilipanga kufinyanga udongo, kutunga shanga, kupanga vizibo. Nilikuwa na watoto 61, wakati kiwango ni 25 kwa mwalimu mmoja, lakini sikutaka kurudi kwenye kuimba a-e-i-o-u mbele ya ubao kutwa nzima. Mjukuu wake alikuwa anaikamata penseli kwa ngumi na kuikandamiza mpaka inakatika ncha. Vidole vyake vilikuwa havijawa tayari. Hilo nililijua, ila nilipomweleza bibi nilitumia maneno ya chuoni, umahiri, stadi, uchangamshi, naye akaniangalia tu kama mtu anayedanganywa.

Ndipo nikaona miyaa, majani ya kusukia, imechomoza kwenye kikapu chake. Alikuwa msusi wa mikeka.

"Bibi, kusuka ukili ulifundishwaje?"

Akafikiri kidogo. "Nilichezea vichane alivyotupa mama. Ukili wenyewe wa mkeka sikuruhusiwa kuugusa mpaka vidole vizoee."

Tukatazamana. Sikuongeza neno.

Alhamisi alikuja na kitita cha miyaa, mingine ameitia rangi nyekundu. Akaketi mkekani, watoto wakamzunguka kwa zamu, kumi kumi, kila mmoja na chane tatu zilizofungwa fundo juu. "Hii ipite juu, ile ivuke." Wengine walichanganya, akawafumulia bila kuchoka. Kisha akazipanga chane chini: nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. "Inayofuata?" Wakapiga kelele wote, "Nyekunduuu!" Ruwaza hiyo, mpangilio unaojirudia, nilikuwa nimeiandalia somo la wiki ya pili yake, kwa vizibo vya soda. Jioni nikaichukua kalamu, nikafuta "vizibo" kwenye safu ya zana ya azimio langu na kuandika "miyaa".

Wakati wa kuondoka aliniuliza, "Na jina lake ataandika lini?"

Nikamwambia ataandika, aniamini.

Aliandika Julai, katika daftari lile lile, chini ya ngalawa, herufi ya mwisho imegeukia nyuma. Nilimwita bibi aje aone. Alimwambia mtoto aandike tena mbele yake, na muda wote macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Alikuwa anatazama vidole.