Leba itakuwa na mlango?

Ndiyo natoka mkutanoni sasa hivi, vumbi bado miguuni.

Leo kijiji kizima tulikaa chini ya mwembe kuhusu zahanati yetu. Tunataka ipandishwe iwe kituo cha afya: wodi, maabara, jengo la upasuaji. Ule mpango wa serikali wa maendeleo ya afya ya msingi, MMAM, wa 2007 ulitaka kila kata iwe na kituo chake. Sisi bado tunasubiri.

Utaratibu ni ule ule. Wananchi tunainua boma kwa msaragambo: mawe, mchanga, tofali. Halmashauri inaezeka na kumalizia. Fedha zikiingia ni fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, mafundi wa hapa hapa, na kamati yetu ndiyo inapokea saruji. (Hiyo kamati ya mapokezi iligombewa kuliko udiwani, jamani!)

Mtendaji akasoma makadirio, akatandaza ramani. Watu wakabishana weee kuhusu mchango.

Kisha bibi mmoja akanyanyuka taratibu. Hakuuliza bei.

"Mwanangu, leba itakuwa na mlango?"

Kimya.

Pale sasa hivi ni pazia tu. La kitenge. Upepo ukivuma, walio kwenye benchi la nje wanaona kila kitu. Mimi mwenyewe nilijifungulia nyuma ya pazia hilo, nimelishika kwa mkono mmoja.

Mtendaji akaonyesha kwa kalamu: mlango, hapa.

Bibi akakiwekea kidole kile kistari. Hakukitoa upesi.

Kwenu mlichanga kwa kaya au kwa kichwa? Niambieni, kesho kamati inakaa.