Nilivyooanisha mfumo wa SACCOS na mpango wake mkakati

Mpango mkakati wa SACCOS nyingi, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hupitishwa na mkutano mkuu, kisha hulala kabatini hadi siku ya ukaguzi. Mfumo wa kompyuta nao huendelea na kazi zake kana kwamba mpango huo haupo. Kazi niliyosimamia ilikuwa kuvioanisha viwili hivyo katika SACCOS ya wafanyakazi iliyoamua kupokea pia wafanyabiashara wa sokoni na madereva wa bodaboda. Ninaandika hatua zenyewe, maana vyama vingi vimo njia panda ileile.

Kompyuta niliiacha kwanza. Niliuchukua mpango mkakati nikapigia mstari sentensi zile tu zinazopimika: kuongeza wanachama wasio na mshahara, kushusha mikopo chechefu (isiyorejeshwa kwa wakati), kutoa mkopo wa dharura ndani ya saa 24. Sentensi kama "kuwa SACCOS bora" nilizipita, kwa sababu hakuna kitu mfumo unaweza kuzifanyia. Kisha nikachora jedwali lenye safu tano: lengo, namba itakayolipima, rekodi inayozaa namba hiyo, nani anaiingiza (kutoka fomu gani na saa ngapi), na mwisho, namba ikibadilika nani ataamua nini. Safu hii ya tano ndiyo inayopima mpango wenyewe. Ikibaki tupu, lengo hilo halijawahi kuwa na mwenyewe, na hakuna haja ya kuliandalia ripoti.

Jedwali lilipofika kwenye lengo la wanachama wapya, tatizo lilijitokeza katika fomu ya kujiunga. Sehemu ya "mwajiri" ilikuwa ya lazima. Muuza nyanya hana mwajiri, basi makarani waliandika "Binafsi", "Hana", "Biashara", "Sokoni", au hata jina la jirani aliyemtambulisha. Bodi inapouliza wafanyabiashara waliojiunga ni wangapi, mfumo hauna jibu. Suluhisho lilikuwa kuongeza sehemu ya "chanzo cha kipato" inayochaguliwa kwenye orodha fupi bila kuandikwa kwa mkono, na mwajiri akawa wa lazima pale tu karani anapochagua "mshahara".

Chini ya fomu hiyo kulikuwa na jambo zito zaidi. Mfumo ulijengwa kuamini kwamba akiba huja mara moja kwa mwezi, kupitia faili la makato la mwajiri. Mama wa sokoni anayeweka shilingi 2,000 kila siku aliandikwa kwenye daftari la karani, kisha jumla yake ikaingizwa mwisho wa mwezi. Kwa mfumo, huyo ni mtu aliyeweka shilingi 60,000 siku moja. Uaminifu wake wa kila siku, ambao ndio dhamana yake ya kweli, hauonekani popote, na siku akiomba mkopo afisa hana cha kusoma. Juu ya hayo, daftari lisilofungamana na mfumo ni mlango wa wizi. Tulihamishia michango hiyo kwenye malipo ya simu, namba ya uanachama ikiwa ndiyo kumbukumbu namba, na kila amana ikaingia kwa tarehe yake.

Malipo ya simu huja na mzigo wake: watu hukosea kumbukumbu namba. Fedha ya namna hiyo iende kwenye akaunti ya kungojea hadi mwenyewe ajulikane, na lazima kuwe na mtu mmoja mwenye jukumu la kuisafisha kila asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa. Mwanachama aliyelipa asipoiona fedha yake kwa siku tatu, atarudi kwenye kibubu. Ukiweza, ongeza tarakimu ya uhakiki mwishoni mwa namba ya uanachama, ili aliyekosea tarakimu moja akataliwe palepale badala ya kulipia akaunti ya mwenzake.

Lengo la saa 24 lilinifundisha mipaka ya programu. Mfumo ulitunza tarehe mbili tu, ya maombi na ya malipo. Niliomba uweke saa katika vituo vitano: fomu kupokelewa, fomu kukamilika, afisa mikopo kumaliza uchambuzi, kuidhinishwa, na fedha kutoka. Vituo hivyo vilipopimwa, foleni ilionekana sehemu mbili: kutafuta saini za wadhamini, na kusubiri kikao cha kamati ya mikopo. Hakuna programu inayoharakisha kikao kinachokaa mara moja kwa mwezi. Kilichobadilika ni sera ya mikopo: mkopo wa dharura usiozidi akiba ya mwombaji mwenyewe uidhinishwe na meneja kwa pendekezo la afisa mikopo, kisha kamati ipelekewe taarifa. Mabadiliko ya sera yaanzie kwenye bodi. Yakigusa masharti ya chama, yanahitaji mkutano mkuu na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Yapitishwe kwanza, ndipo mtengeneza programu aguse kitu. Ukitanguliza programu, utakuwa na mfumo unaotoa mikopo kinyume cha masharti, na mkaguzi ataandika hivyo.

Kuhusu mikopo chechefu, angalia mfumo wako unahesabu nini. Mwanachama amebakiza deni la shilingi 900,000 na amekosa marejesho mawili ya 100,000, la kwanza likiwa limepita siku 30. Ripoti ya malimbikizo itaonyesha 200,000. Kipimo cha mikopo iliyo hatarini kinachukua 900,000 yote, kwa sababu salio zima ndilo linaloweza kupotea. Bodi inayosoma namba ya kwanza hulala usingizi usiostahili. Na kwa mkopo wa bodaboda unaolipwa kila wiki, siku 30 ni kuchelewa mno, kwani tayari angalau marejesho manne yamepotea. Nilitaka ripoti ya siku 7 kwa mikopo ya wiki na ya siku 30 kwa mikopo ya mwezi, kila moja imfikie afisa anayeweza kwenda kumwona mkopaji.

Riba nayo ihesabiwe kwa mkono kabla ya kuamini skrini. Mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, ukitozwa riba juu ya mkopo wa awali, unazaa riba ya 216,000. Ukitozwa juu ya salio linalopungua, kwa kurejesha mtaji (fedha yenyewe iliyokopwa) wa 100,000 kila mwezi, unazaa 117,000. Nilikuta sera inasema salio linalopungua na mfumo umewekwa kwa njia ya kwanza. Tofauti hiyo ya 99,000 inatoka mfukoni mwa mwanachama, na kama mkakati unasema "mikopo nafuu", mfumo unaukana mchana kweupe. Chukua mikopo michache ya kila aina, ipige hesabu mwanzo hadi mwisho, ukiangalia pia marejesho pungufu yanaanza kulipa nini: faini, riba au mtaji. Sera iseme, na mfumo ufuate.

Usafi wa taarifa ndio unaokula muda kuliko vyote. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ukiifungua orodha kwenye Excel bila kuweka safu hiyo kuwa maandishi, programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu na zinazobaki hugeuka sufuri. Ukihifadhi faili, namba halisi zimepotea na hazirudi. Sufuri ya mwanzo ya namba ya simu nayo huyeyuka vivyo hivyo. Weka safu kuwa maandishi kabla ya kupakia. Tarakimu 8 za kwanza za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo zilinganishe na tarehe iliyo kwenye fomu. Zisipolingana, moja imekosewa. Kisha tafuta waliojirudia kwa NIDA na kwa simu. Usitafute kwa jina, maana Asha Juma ni wengi. Usiunganishe akaunti mbili bila saini ya mwanachama. Na kwa kuwa hizi ni taarifa binafsi, zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022, faili lisizungushwe kwa WhatsApp hata kidogo.

Kuhama kutoka mfumo wa zamani kulifanyika mwisho wa mwezi, baada ya usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vya chama na taarifa ya benki. Jumla za hisa, akiba, amana na mikopo zilingane na leja kuu hadi senti, na salio la kila mwanachama lilingane pia. Jumla inaweza kulingana huku wanachama wawili wamebadilishiwa fedha. Mifumo yote miwili iende sambamba hadi ufungaji wa mwezi utoe majibu yaleyale. Makarani watachoka na kazi mara mbili. Walipwe muda wa ziada na ratiba ya vikao ipunguzwe, kwa sababu wakianza kuingiza upande mmoja tu, ulinganisho hauna maana tena.

Haki za watumiaji zifuate majukumu yaliyo kwenye sera: aliyeingiza mkopo asiuidhinishe, na aliyeuidhinisha asitoe fedha. Katika ofisi ya watu watatu hili ni gumu mtu mmoja akiwa likizo, kwa hiyo andika mapema nani anakaimu nini, na nywila zisikopeshwe.

Jambo dogo la kuokoa fedha: ujumbe mfupi wa simu unabeba herufi 160, lakini ukiwa na alama moja iliyopinda, kama ile ya ng’ombe iliyonakiliwa kutoka Word, kikomo kinashuka hadi 70 na unalipia jumbe mbili au tatu. Andika alama iliyonyooka.

Baada ya hapo, ombi lolote la kubadilisha mfumo lilianza kupita kwenye fomu ya ukurasa mmoja inayouliza linagusa lengo lipi, sera inaruhusu au la, na ripoti ipi itabadilika. Kila robo mwaka meneja, mhasibu na mwakilishi wa bodi hupitia lile jedwali la safu tano. Ripoti ambayo hakuna aliyeifanyia uamuzi robo mbili mfululizo huondolewa, isipokuwa inayodaiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika au mkaguzi. Lengo likibadilishwa na mkutano mkuu, mstari wake kwenye jedwali hubadilishwa wiki hiyohiyo, kuanzia safu ya mwisho.